Jinsi ya Kuchagua Grisi ya Meno ya Shafti ya Pikipiki

Pikipiki nyingi huzungusha gurudumu la nyuma kwa mnyororo, lakini zipo zinazotumia shafti: BMW za injini ya boksa (yenye silinda zilizolala pande mbili) tangu R 32 ya mwaka 1923, Honda Gold Wing iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, Honda CX500 na ST1100, Yamaha FJR1300, na Moto Guzzi zenye injini ya V. Mnunuzi wa pikipiki ya aina hii huambiwa mapema kwamba shafti haina matunzo, na kwa kuiamini kauli hiyo watu wengi wamepoteza shafti nzima. Ni kweli kwamba shafti haikazwi wala haipakwi mafuta kila baada ya siku chache kama mnyororo. Hata hivyo, kila mahali ambapo kipande kimoja cha shafti kinaingia ndani ya kingine kwa meno panahitaji grisi, na grisi ya kawaida iliyopo kwenye kila gereji mara nyingi siyo inayofaa mahali hapo.

Ninaposema meno nina maana ya matuta na mifereji iliyochongwa kwa urefu kuzunguka ncha ya shafti, ambayo huingia ndani ya kikombe chenye matuta na mifereji inayolingana nayo. Mafundi wetu huviita vipande hivyo dume na jike, na majina hayo nitayatumia. Fundi aliyewahi kuchomoa propela shafti ya toyo la mizigo la magurudumu matatu amekwisha kuyaona meno ya aina hii, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata yatamfaa yeye pia.

Elewa kwanza meno yanavyolika

Grisi haichaguliwi vizuri bila kujua inakwenda kupambana na kitu gani, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie kidogo hapa kabla hatujafungua kopo lolote.

Ndani ya beringi, gololi huviringika, na kila zinapopita huvuta mafuta na kuyarudisha mahali yalipotoka. Kwenye meno ya shafti hakuna kuviringika. Dume na jike huzunguka pamoja kama kitu kimoja, na kinachosogea kati yao ni kidogo sana: mtelezo wa milimita chache pale mkono wa gurudumu la nyuma unapopanda na kushuka kwenye mashimo, pamoja na mtetemo mdogo usiokoma unaotokana na kila mripuko wa injini. Wakati huohuo nguvu yote ya injini inapita kwenye kuta za meno hayo. Mafuta yaliyomo ndani ya grisi hukamuliwa na kusukumwa pembeni, na kwa kuwa mwendo ni mfupi, hakuna kinachoyavuta yarudi. Chuma hugusa chuma, vinundu vyake vidogo hushikana na kung'oana, na punje zinazong'oka hukutana na hewa na kugeuka kutu. Kutu hiyo laini kama unga hufanya kazi ya msasa kati ya meno, na mlo huendelea kwa kasi zaidi kuliko ulivyoanza.

Dalili yake ni unga mwekundu wa rangi ya kahawia unaofanana na vumbi la matofali. Ukichanganyika na mabaki ya grisi huwa tope zito la rangi hiyohiyo, na fundi asiyeujua hudhani ni udongo wa barabarani, akaufuta na kupaka grisi ileile iliyoshindwa. Unga huo ukiuona, jua kwamba grisi iliyokuwapo ama ilikwisha, ama haikuwa ya kazi hiyo tangu mwanzo.

Kwa hiyo grisi ya meno inadaiwa mambo matatu: ibaki mahali ilipopakwa, iache utando unaotenganisha chuma na chuma hata mafuta yakishakamuliwa, na izuie maji na hewa. Jambo la pili ndilo linaloziangusha grisi nyingi, na ndilo linalotufikisha kwenye vilainishi vigumu. Kinachotumika zaidi ni molibdeni disalfaidi, unga wa kijivu unaokaribia weusi, ambao madukani na katika maelezo yanayofuata huitwa molibdeni kwa kifupi. Umejengeka kwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka la molibdeni likiwa limebanwa kati ya matabaka mawili ya salfa, na tabaka hizo hushikana kwa nguvu ndogo kiasi kwamba huteleza moja juu ya nyingine kama karata mpya mkononi. Unga huu hujibandika kwenye chuma, haukamuliki kama mafuta, na hustahimili joto hadi karibu nyuzi 350 za Selsiasi ukiwa hewani, kiwango ambacho meno ya shafti hayakaribii.

Hatua ya kwanza: jua ni meno gani unayoshughulikia

Pikipiki ya shafti huwa na meno sehemu tatu. Ya kwanza ni pale giaboksi inapoingia kwenye pleti ya klachi, kwa pikipiki zenye klachi kavu, yaani isiyo ndani ya mafuta, kama BMW nyingi za zamani. Ya pili ni ncha za shafti yenyewe, upande wa giaboksi na upande wa difu ya nyuma. Ya tatu ni pale difu inaposhikana na gurudumu, kama ilivyo kwenye Honda nyingi za shafti, ambako kikombe chenye meno kilichofungwa kwenye gurudumu huvaliwa juu ya meno ya difu.

Tofauti hizi si za kitabuni tu. Kwenye BMW nyingi za boksa zilizotangulia Paralever, mkono wa nyuma wa BMW wenye viungo viwili, shafti ilizunguka ndani ya mafuta yake yenyewe, na kuipaka grisi kungekuwa kosa. R 80 GS na R 100 GS zilipotoka na mkono huo mwaka 1987, shafti ikawa kavu na meno yake yakaanza kutegemea grisi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fahamu iwapo meno yako yamo ndani ya mafuta au yako makavu. Yaliyomo ndani ya mafuta hayapakwi grisi, isipokuwa kitabu cha matengenezo kiseme hivyo, kwa sababu unga wake utaingia kwenye mafuta ya gia.

Hatua ya pili: soma kitabu cha matengenezo kabla ya kusikiliza ushauri

Watengenezaji hawakubaliani kwa jambo hili, na kila mmoja alisanifu meno yake akiwa na kilainishi fulani akilini. Vitabu vya Honda kwa pikipiki za shafti hutaka pasta, yaani grisi nzito yenye unga mwingi, iwe na molibdeni zaidi ya asilimia 40, na kwa miaka mingi kampuni hiyo iliuza pasta yake iliyoitwa Moly 60. BMW kwa nyakati tofauti ilitaja Staburags NBU 30 PTM, kisha Optimoly MP 3, na kwa baadhi ya shafti Optimoly TA. Yamaha hutofautiana kutoka modeli hadi modeli: mahali fulani hutaka grisi ya molibdeni, mahali pengine huridhika na grisi ya sabuni ya lithiamu, yaani mafuta yaliyogandishwa kwa sabuni hiyo.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea. Mtu husoma neno molibdeni kitabuni, huenda dukani, na hurudi na grisi ya joint za magari ambayo kopo lake limeandikwa neno hilohilo. Grisi hizo kwa kawaida zina molibdeni kiasi cha asilimia 3 tu. Ni grisi nzuri kwa kazi yake, kwa sababu joint ya gari imefungwa ndani ya mpira uliojaa grisi inayojirudishia yenyewe, lakini kati ya asilimia 3 na asilimia 40 pana tofauti kubwa kama iliyopo kati ya chai yenye tone la maziwa na maziwa yenyewe. Kiasi cha molibdeni kisipoandikwa kwenye kopo, chukulia kwamba ni kidogo.

Hatua ya tatu: soma maandishi ya kopo, wala usitazame rangi

Grisi nyekundu, ya bluu na ya kijani hupata rangi hizo kwa kutiwa rangi, na watengenezaji wawili wanaweza kutumia rangi moja kwa vitu viwili visivyohusiana kabisa. Hata weusi hauthibitishi molibdeni, kwa kuwa grafaiti, kilainishi kigumu kingine, nayo ni nyeusi. Kinachosema ukweli ni maandishi.

Tafuta kwanza namba ya NLGI, ambayo hupima ugumu wa grisi kuanzia 000 iliyo majimaji hadi 6 iliyo ngumu kama kipande cha sabuni. Namba 2 ndiyo ya kawaida. Hupimwa kwa kudondosha koni ya chuma ndani ya grisi iliyosukwasukwa yenye joto la nyuzi 25, na kwa namba 2 koni huzama kati ya sehemu 265 na 295 za kumi za milimita. Kwa meno ya shafti namba 2 inafaa karibu kila mahali, kwa kuwa namba 1 na zilizo chini yake ni laini mno na hurushwa nje kwa mzunguko.

Kisha tafuta mstari wa herufi kama KPF2K-20, unaofuata kanuni ya Ujerumani ya DIN 51502. Watu wengi huupita bila kuutazama, na hali hueleza mengi kwa nafasi ndogo. K ya kwanza husema ni grisi ya beringi na nyuso zinazoteleza; P husema ina viongezo vya kuhimili mgandamizo mkubwa; F husema ina kilainishi kigumu, na herufi hiyo ndiyo unayoitafuta; 2 ni ile namba ya NLGI; K ya pili husema inafaa hadi nyuzi 120 na inastahimili maji; na namba ya mwisho ni baridi ya chini kabisa ambayo grisi bado hufanya kazi. Muuzaji akikuhakikishia kwamba kopo lina molibdeni huku herufi F haipo, liamini kopo.

Mwisho, tazama aina ya sabuni iliyoigandisha grisi. Lithiamu ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 180 hadi 200 hivi, lithiamu kompleksi hupita hapo kwa mbali, na kalsiamu salfoneti huongeza kinga nzuri dhidi ya maji na kutu. Grisi ya kalsiamu ya kizamani, ile ya bei rahisi inayouzwa kwa kupimwa, huyeyuka karibu na nyuzi 100, na mahali palipo jirani na ekzosi haifai.

Hatua ya nne: linganisha grisi na mahali

Meno ya gurudumu hufikiwa kirahisi lakini hupigwa na mvua, vumbi na maji ya kuoshea. Kwa hayo tumia pasta ya molibdeni ya asilimia 40 au zaidi. Udhaifu wa pasta yenye unga mwingi ni kwamba ina mafuta machache, kwa hiyo hukauka, na kinga yake dhidi ya kutu si kubwa. Pikipiki inayopita kwenye maji mara kwa mara inanufaika na ukingo mwembamba wa grisi isiyopenya maji, ya kalsiamu salfoneti, unaopakwa kuzunguka mdomo wa kikombe baada ya pasta kuwekwa kwenye meno. Sishauri kuzikoroga mbili pamoja kwenye kopo. Sabuni tofauti zikichanganywa, hasa lithiamu na poliurea, au yoyote kati ya hizo na grisi iliyogandishwa kwa udongo wa bentonaiti, huweza kulegea na kutiririka hata kama kila moja peke yake ilikuwa nzuri.

Meno ya klachi kavu ni habari nyingine. Kuyafikia kunaweza kudai kutenganisha giaboksi na injini, kazi ya siku nzima, kwa hiyo grisi itakaa humo miaka. Zaidi ya hapo, sentimita chache kutoka kwenye meno hayo ipo pleti ya klachi, na tone moja la grisi likirushwa juu yake klachi itaanza kuteleza. Hapa chagua grisi inayonata, isiyotoa mafuta yake ikipata joto, yenye molibdeni nyingi, na uipake kidogo kuliko moyo wako utakavyokutuma.

Toyo la mizigo ni rahisi zaidi. Ikiwa meno ya propela shafti yana tundu la kuingizia grisi kwa bomba, grisi ya lithiamu ya NLGI 2 yenye viongezo vya mgandamizo na molibdeni ya asilimia 3 hadi 5 inatosha, kwa sababu unaweza kuirudia mara nyingi upendavyo. Asilimia kubwa ya molibdeni ni ya lazima pale ambapo hutapata nafasi ya kurudi karibuni.

Vya kuacha kabisa kwa meno ni hivi: grisi ya silikoni, ambayo haibebi mzigo wa chuma kwa chuma, dawa nyeupe ya kupulizia, ambayo ni nyepesi mno, mafuta ya mgando ya kujipaka, ambayo huyeyuka kwa joto dogo tu, na dawa ya mnyororo. Grisi ya shaba huwadanganya wengi kwa sababu inahimili joto kali, lakini kazi yake ni kuzuia bolti na nati zisigande, vitu ambavyo havisogei. Grisi nzuri ya beringi ni afadhali kuliko kuacha meno makavu, na ukikwama safarini ipake bila wasiwasi, ila ukifika uifute na kuweka inayostahili.

Hatua ya tano: safisha, kisha kagua

Pikipiki isimamishwe imara, ekzosi ipoe, na gurudumu litolewe kwa utaratibu wa kitabu. Ondoa grisi ya zamani yote, hata kama inaonekana nzima, kwa kuwa hujui ni sabuni gani. Tumia mafuta ya taa na brashi ya nailoni, usitumie petroli, na usimimine. Lowesha brashi au kitambaa, ili uchafu usisukumwe kwenye sili na beringi. Kwenye klachi funika pleti kwa kitambaa kikavu. Maliza kwa kitambaa safi, na uache meno yakauke kabisa, kwa sababu molibdeni hujibandika kwenye chuma safi na haishiki vizuri penye mabaki ya mafuta.

Sasa tazama umbo la meno kwenye mwanga mzuri. Jino zima lina kichwa bapa na kuta mbili zinazofanana. Jino lililolika huwa na kichwa chembamba, ukuta wa upande unaosukumwa ukiwa umechimbika, na likizidi huwa na ncha iliyopinda kama jino la msumeno. Pitisha ukucha kwenye ukuta wake. Ukikwama kwenye ngazi, mlo umeshaanza. Nimewahi kushika kikombe cha gurudumu cha Honda CX500 kilichokuwa na grisi nyingi safi ya beringi, iliyopakwa kwa uangalifu wote, na chini yake meno yalikuwa makali ya kukata kidole. Mwenyewe alikuwa akiyahudumia kila alipobadili tairi, kwa grisi isiyo yake. Meno yakifikia hali hiyo hakuna grisi itakayoyarudisha. Badilisha dume na jike kwa pamoja, kwa maana kipande kipya kikivishwa kwenye kilicholika, kipya nacho hulika haraka.

Litazame pia swali la unyoofu. Baadhi ya BMW za mfululizo wa R 1100 na R 1150 zilijulikana kwa kula meno ya klachi mapema, na wamiliki waliopima waligundua kwamba mhimili wa giaboksi haukulingana sawasawa na wa injini. Katika hali hiyo meno husuguana kila mzunguko, na grisi bora kuliko zote huchelewesha tu. Meno yakilika upya ndani ya muda mfupi licha ya grisi sahihi, acha kubadili grisi na umtafute fundi mwenye vipimo.

Hatua ya sita: paka na ufunge

Chukua brashi ndogo ngumu, kama mswaki wa zamani, na usugue pasta kwenye kuta za meno ya dume na ya jike mpaka chuma kibadilike na kuwa cha kijivu kinachong'aa. Kusugua ndiko kunakoujenga utando, kwa hiyo usiridhike kwa kubandika donge na kutegemea litajisambaza. Kwa meno ya gurudumu ongeza kiasi kinachofunika mifereji bila kuijaza. Kwa meno ya klachi, ukishasugua, futa mifereji ibaki na utando tu, ingiza shafti, itoe tena, ufute grisi iliyosukumwa mbele, ndipo uifunge moja kwa moja.

Usizibe tundu lolote la kupumulia kwenye difu, kwani grisi ikiliziba, hewa inayopanuka kwa joto itasukuma mafuta yapite kwenye sili. Pete ya mpira iliyo kwenye kikombe cha gurudumu ibadilishwe ikiwa imekakamaa, maana hiyo ndiyo inayozuia maji.

Kwenye Honda ambazo difu yake hufungwa kwa nati kwenye mkono wa nyuma, rudisha nati hizo kwa mkono bila kuzikaza, ingiza ekseli, kaza ekseli kwa kipimo cha kitabu, kisha ndipo ukaze nati za difu. Mpangilio huu huipa difu nafasi ya kujipanga sawa na gurudumu, na ukiugeuza, meno yataanza safari yakiwa yamekaa upande.

Andika kwenye daftari tarehe, kilomita na jina kamili la grisi, ili atakayefungua baada yako ajue anachofuta. Meno ya gurudumu yafunguliwe na kupakwa upya kila tairi la nyuma linapobadilishwa. Ikiwa umebadili aina ya grisi kwa mara ya kwanza, usingoje tairi liishe: fungua baada ya kilomita 1,000 hadi 2,000, pitisha kitambaa cheupe kwenye meno, na ukitazame. Kikitoka na weusi wa kijivu, rudisha gurudumu. Kikitoka na wekundu, rudi kwenye ukaguzi wa hatua ya tano kabla ya kupaka chochote.